Posa Yangu na Gereza la Watawa

Niliondoka Birmingham kwa sababu ya mwanamke. Nalisema mapema, msije nyinyi mlioko Mombasa mkadhani kwamba mimi Athumani, mzaliwa wa Kibokoni, niliamka siku moja nikayapenda mawe ya Wahispania. Mawe sikuwa na haja nayo. Niliyempenda ni Bi Rukia, mwanamke wa Unguja mwenye duka la vitambaa kule Kings Heath, na mpenda mawe alikuwa yeye. Kila Jumatano jioni, akishafunga duka, alikwenda kwenye ukumbi wa mtaa kusoma historia ya majengo pamoja na wazee wa Kiingereza kumi na wawili. Basi na mimi nikajiandikisha. Kazi yangu ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa jirani na Bordesley Green, na ili niipate Jumatano nilibadilishana shifti na nusu ya wenzangu, mpaka wakadhani nimeokoka.

Hiyo ilikuwa ile miaka ya elfu mbili ya mwanzoni, tiketi ya ndege ya kwenda Ulaya ilipokuwa rahisi kuliko treni ya kwenda London. Mwalimu wetu, Mwingereza mrefu tuliyemwita Jefu, alitangaza kwamba darasa zima litakwenda Hispania kwa siku nne, mkoa wa Galicia, kutazama monasteri ya zamani iliyojengwa kwa mtindo wa baroko. Akauliza kama yupo anayejua neno baroko limetoka wapi. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema limetokana na baraka, kwa kuwa majengo hayo yalijengwa na watu waliobarikiwa mali. Wazee wote wakaandika. Jefu akangoja kalamu zitulie, kisha akasema kwa upole kwamba wataalamu wengi hulirudisha kwa Wareno, neno la lulu iliyopinda, isiyo duara. Wazee wakafuta. Bi Rukia hakuwa na la kufuta kwa sababu hakuandika.

Wiki ile ile nilikuwa nimepeleka posa kwa kaka yake mkubwa, Bwana Hamadi, dereva wa teksi mstaafu anayekaa Acocks Green. Ijumaa nikaitwa dukani kwa Bi Rukia. Nilijipulizia manukato hata abiria wenzangu kwenye basi wakafungua madirisha.

"Bwana Athumani," akaniambia huku akipima kitambaa, "wewe mtu mzuri. Unasali, unafanya kazi, unajua kucheka. Lakini una ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Mimi niko hospitali, utatibiwa."

"Hujawahi kusema hujui kitu. Tangu nikufahamu, hata siku moja! Mume wangu wa kwanza alikuwa vivyo hivyo. Alijua dini kumshinda imamu, alijua friji kumshinda fundi. Friji kaifungua Ijumaa, Jumamosi tumezika samaki bustanini. Miaka kumi na moja nimekaa na mwanamume anayejua, na siku aliyosema kweli sikuweza kuitambua. Sirudii. Nataka mtu ambaye akiniambia jambo, nilale."

"Mimi siko hivyo," nikasema.

"Unaona? Hata hilo unalijua." Akakata kitambaa. "Tutakwenda Hispania sote, na Kaka Hamadi atafuatana nami. Tukirudi nitakupa jibu la posa."

Nikatoka dukani nimeapa: siku nne, Athumani, ufunge bakuli lako. Siku nne tu, si karne.

Jumatatu alfajiri tulikutana uwanja wa ndege. Bwana Hamadi alikuja na begi moja la nguo na mawili ya chakula. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba Hispania hata mchicha unapikwa pamoja na nguruwe, basi akakaanga maandazi ya kutosha harusi na kuchemsha mayai mpaka jiko likachoka. Nilimwuliza kwa nini hakuweka iliki, maana kwetu mahamri bila iliki ni kama adhabu. "Kwetu Unguja," akasema, "mtu aliyepeleka posa hali huku akikosoa." Nikala mawili kwa adabu, bila iliki.

Jumatatu jioni, Galicia. Mvua! Nilidhani Hispania ni jua na machungwa. Kumbe pembe ile ya kaskazini magharibi ina mvua ya kwao wenyewe, nyembamba isiyo na haraka, na milima ya kijani na mawe yaliyoota kuvu. Dorin, bibi mmoja wa darasani aliyepita sabini na hakuachana na daftari lake, alisema amesafiri siku nzima kufika tena Birmingham. Hotelini tuliletewa pweza wa kuchemsha, amekatwa vipande, akanyunyiziwa chumvi, mafuta ya zeituni na pilipili nyekundu isiyowasha. Bwana Hamadi aliyafunga mabegi yake na kula sahani tatu.

Baada ya chakula akaniuliza, "Kibla kipo upande gani huku?" Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka kiapo changu. Badala yake nikanyosha mkono: "Pale, kwenye kabati." Akasali magharibi na isha akilielekea kabati. Asubuhi jua likachomoza nyuma yetu, upande wa pili kabisa. Maskini, mtu mzima wa watu alikuwa ameielekea Amerika. Hakunigombeza. Alikunja mswala wake, akasema tu kwamba Mungu anaijua nia, kisha akamhadithia dada yake wakati wa chai.

Jumanne tulipanda basi kwenda monasterini. Njia ya mlimani ilikata kona hata dereva mwenyewe akaanza kuomba. Mwalimu Jefu tumbo likamgeuka. Tulipofika saa nne na robo alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki, uso umekuwa rangi ya tango, akatupungia mkono: tangulieni, mlinzi wa jengo atawapokea, ananifahamu. Tukashuka. Lango lilikuwa wazi na mlinzi hakuwepo. Wazee kumi na wawili, kamera mkononi, mvua kichwani, wala hakuna wa kuwaeleza kitu. Kwa mtu kama mimi, huko ni kumwachia fisi bucha.

Kwanza niwape sura ya mahali. Mbele yetu ulisimama uso wa jiwe gumu la matale, mrefu, wenye minara miwili ya kengele na katikati nguzo nne nene zilizopanda kutoka chini hadi juu bila kupumua. Juu ya mlango palikuwa na kidaka, kama vidaka vya kuta zetu za Mvita, ila hiki kilitosha mtu, na ndani yake mtakatifu wa jiwe asiye na pua. Kuta zilipambwa vibamba vya mawe, mraba juu ya duara, duara juu ya mraba, vimening'inizwa tu bila kushikilia kitu, kama mapambo ya keki. Majani yalikuwa yameota kwenye minara na kunguru wanaingia na kutoka.

Kando ya mlango palikuwa na kibao cha mbao chenye mshale, kimeandikwa IGREXA. Nikakisoma mara mbili. Ile X nikaipa sauti ya zeti, sina sababu, moyo ulinituma tu. I-gre-za. Gereza! Damu ikanipanda kichwani kwa furaha.

"Ndugu zangu," nikawaambia wazee kwa Kiingereza, "kuna kosa. Hili ni gereza. Neno hilo tunalo nyumbani Mombasa, na maana yake ni jela."

"Jefu hakutuambia," akasema Dorin.

"Jefu mgonjwa," nikajibu, na hilo lilikuwa kweli.

Mtu angeweza kuishia hapo. Lakini ndani tu ya lango tukakuta kibao cha pili: CELDAS. Seli! Nani angenibishia? Tukapita ua wa ndani uliozungukwa na baraza zenye matao, kisima katikati, na kuzunguka baraza hizo vyumba vidogo vidogo vyenye kuta nene kama kitanda kilivyo kirefu, dirisha moja jembamba, kiti cha jiwe na mlango wenye kitundu. Nikawaonyesha kitundu cha kupitishia uji. Wazee wakasikitika, wakapiga picha. Kibao cha tatu: SACRISTÍA. Nikawaeleza kwamba ndipo wafungwa wapya waliposakwa. Chumba kilikuwa kikubwa, kimezungukwa na madroo mapana ya mti wa jozi, na ukutani bomba la jiwe la kunawia. Madroo ni ya kuhifadhi vitu vya wafungwa, nikasema, na bomba ni la kuwaosha. Yote yakajipanga sawasawa, wallahi, hata mimi nikaanza kujisifu moyoni.

Kisha tukapanda ngazi. Ngazi ile ni ajabu na nitaisifu hata leo: vipandio vya matale vimetokeza ukutani upande mmoja tu, chini hapana nguzo, nayo inageuka mara tatu angani bila kuanguka. Juu kibao kilisema CORO. Nikapiga kofi. Korokoroni! Palikuwa na safu mbili za viti vya jozi vinavyotazamana, zaidi ya sitini, kila mgongo umechongwa uso wa mtu au mnyama, na chini ya kila kiti kijibao kidogo.

"Hapa waliketi makorokoroni, askari wa zamu," nikasema. "Kijibao hiki ni cha kumfanya asisinzie."

"Mbona viti vya askari vina malaika?" akauliza Dorin, kalamu tayari.

"Askari wacha Mungu."

Akaandika. Nikageuka nimwone Bi Rukia kama ameisikia ile. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono kiunoni. Kaka yake alikuwa anamenya yai.

Hapo ndipo mlinzi alipotokea, mwanamke mnene mchangamfu mwenye mwavuli na furushi la funguo, na nyuma yake Mwalimu Jefu akitembea kama anakanyaga mayai. Mlinzi aliitwa Maruxa, ndivyo beji yake ilivyoandikwa. Alikuwa ameosha vyombo London miaka mingi, Kiingereza chake kikaja na haraka ya jikoni. Akaomba radhi kwa kuchelewa, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Akauliza nani amewaongoza wageni mpaka huku juu. Vidole kumi na viwili vikanielekea.

Maruxa akatupeleka upya, na safari hii tulielezwa mambo yenyewe. Kwanza palikuwa na nyumba ndogo ya watawa wachache, ya zama za kale, bondeni, wakilima na kusali. Wakazidisha mashamba, wakazidisha mvinyo na kodi za wakulima, na katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane wakaibomoa ile ya zamani na kujenga hii. Kwa nini mapambo yote hayo? Maruxa alisema kanisa la Roma lilikuwa limegombana na wanaolipinga, likaamua kuwavuta watu kwa macho. Mkulima aingie na matope miguuni, ainue kichwa, asahau kufunga mdomo. Ila jiwe la Galicia ni gumu na haliruhusu kuchongwa majani membamba, basi mafundi wakacheza na vile vibamba nje, wakayaweka majani na matunda ndani kwenye mbao. Vyumba vidogo ni vya watawa kulala na kusoma, na vitundu ni kwa mkubwa wao kuhakikisha mtu hasinzii kitabuni. Madroo ni ya majoho ya ibada. Viti vya juu ni vya kuimbia sala, na kile kijibao ni cha kuegemea kisirisiri kwa mtawa mzee aliyesimama muda mrefu. Kila alipoeleza, Dorin alinitazama, kisha akalitazama daftari lake. Nikajifanya naangalia dari.

"Lakini huyu bwana," Dorin akashindwa kuvumilia, "ametuambia hapa palikuwa gereza."

Ardhi ya Hispania haikupasuka ikanimeza. Maruxa akasimama.

"Nani amemwambia?" akauliza. "Hata kile kitabu cha wageni hakisemi! Ni kweli. Katika karne ya kumi na tisa serikali iliwafukuza watawa ikauza mashamba yao. Watu wakabeba vigae, wakabeba mawe ya ua wa pili wakajengea mabanda ya nguruwe. Halafu upande huu wa seli ukatiwa wafungwa, miaka kadhaa, kabla haujawa shule. Babu wa babu yangu alikuwa askari hapa." Akanitazama kwa heshima. "Bwana, umejuaje?"

Wazee wakanigeukia nyuso zimeng'aa. Mwalimu Jefu, ambaye tangu Jumatano ya kwanza hakuwahi kusikia jambo sahihi kutoka kinywani mwangu, akaja kunipa mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaupokea.

"Mtu husoma hapa na pale," nikasema.

Wakanipigia makofi. Bi Rukia hakupiga. Alimfuata Maruxa, nikawaona wanazungumza, anaonyesha kile kibao cha mlangoni. Mimi nilikuwa nimezingirwa na Dorin na maswali yake kuhusu chakula cha wafungwa, nikimjibu moja moja.

Chumba cha mwisho kabla ya kahawa kilikuwa chini ya ngazi: kidogo, mraba, dari la jiwe limejipinda kutoka pembe hadi pembe kama kawa lililofunika sahani. Maruxa alikuwa anaeleza kitu juu ya chumba hicho, sikusikiliza, nilikwishajua. Nikamvuta Bwana Hamadi pembeni, uso ukutani, nikamnong'oneza. Siri ilikuwa inanichoma na yeye pekee alikuwa mtu wa kuambiwa.

"Bwana Hamadi, nimeponea chupuchupu. Sikujua lolote. Nimeona kibao kimeandikwa gereza, nikabahatisha mpaka mwisho. Tafadhali, dada yako asijue."

"Simwambii," akasema, mdomo umejaa andazi.

"Athumani," ukuta ukasema.

Niliruka. Wallahi nilidhani mtawa mmoja amefufuka, tena anayejua Kiswahili.

"Niko pembe ya pili, usitafute," sauti ikaendelea, karibu sana, sikioni kabisa. "Hiki ndicho chumba cha siri, Maruxa ametwambia sasa hivi. Ukinong'ona pembe hiyo, sauti hupanda dari na kushukia hapa. Watawa walikuwa wakiungamia humu. Nimekusikia vizuri."

Nikazidi kubana sikio ukutani.

"Na kile kibao hakikuandikwa gereza. Kimeandikwa kanisa. Lile jina la Maruxa lina X, nalo hutamkwa Marusha, basi nikamwuliza. Kwao ni igresha. Kwa Wareno, jirani zao, ni igreja. Igreja, Athumani! Ndilo neno letu hilo. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome yenu, watu wakaiita ngome nzima hivyo, baadaye ngome ikatiwa wafungwa, neno likabaki na jela. Wewe umezaliwa Kibokoni, hatua chache kutoka hapo. Hukuwahi kujiuliza?"

Nikangoja aendelee. Nilipogeuka alikuwa ametoka, na Bwana Hamadi alikuwa ananipa andazi kwa huruma.

Nitasema ukweli wa moyo wangu, maana kuna watu huandika safari zao kana kwamba hawakuwa na matumbo. Niliogopa. Niliona duka la Kings Heath limefungwa mbele yangu, na mimi narudi chumbani kwangu Bordesley Green kula tosti na redio. Nilijua naweza kujitetea: nimetania, nilikuwa nawachangamsha wazee. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Na nilijua pia kwamba angeyasikia na kuyafahamu, maana ameyasikia miaka kumi na moja kutoka kwa mtu mwingine.

Adhuhuri tulikuwa kwenye baraza za ua, Maruxa anamimina kahawa. Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "mnipe kofi jingine, lakini la usoni. Sikusoma popote. Sikujua kwamba hapa palikuwa gereza. Kile kibao kinasema kanisa, mimi nikasoma jela. Seli, msako, makorokoroni, vyote nilitunga. Na baroko pia niliitunga. Na kibla. Bwana Hamadi, unisamehe kabati."

Kahawa ya Maruxa ilifurika kikombe. Halafu Mwalimu Jefu akaanza kucheka, akacheka akashika nguzo, nikaogopa tumbo litamgeuka tena. Wazee wakamfuata. Dorin peke yake hakucheka. Alifungua daftari, akalikung'uta mvua, akasema kurasa sita zile hazifuti: maelezo ya Maruxa ni ya kweli, sawa, lakini yangu yalikuwa mazuri zaidi, na binti yake atasomewa yangu. Maruxa akaomba nimpe ile ya sakristia aandike, atawachekeshea wageni wa kiangazi.

Bi Rukia alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akaniashiria nimfuate kanisani. Kaka yake akaja nyuma yetu hatua kumi, kama inavyotakiwa.

Ndani giza lilikuwa la kijivu. Mbele, nyuma ya altari, ukuta mzima ulikuwa wa mbao iliyopakwa dhahabu, kutoka sakafuni hadi darini, wenye nguzo zilizosokotwa kama ukili na zabibu zimezitambalia, malaika wanene wamejazana kila palipobaki nafasi. Mwanga uliiangukia dhahabu ile kutoka juu, na dirisha halikuonekana. Mafundi walilificha kwa makusudi ili mtu asijue nuru inatokea wapi. Tukasimama chini ya kuba.

"Haya," akasema Bi Rukia. "Kuba ni duara. Kuta chini yake ni mraba. Duara limekaaje juu ya mraba, na mbona halituangukii?"

Nikaangalia juu. Majibu matatu yalinijia hapo hapo, yote mazuri, moja lilikuwa na Waarabu ndani yake.

"Sijui," nikasema.

"Sema tena, sikusikia vizuri."

"Sijui, Bi Rukia. Na ningependa kujua."

Hakutabasamu, msimsingizie. Ila alinyosha mkono akaanza kunieleza: nguzo nne, matao manne, na kati ya tao na tao kipande cha jiwe chenye pembe tatu, kimepinda kama tanga, kinachochukua uzito wa duara na kuushusha nguzoni. Alieleza karibu nusu saa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza muda mrefu hivyo, na nikagundua sababu: sikuwahi kumpa nafasi. Sauti yake ilikuwa inazunguka kubani na kuturudia, na Bwana Hamadi alikuwa amelala kwenye benchi.

Alhamisi tulirudi Birmingham kwenye mvua ile ile. Mtu ataniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba jengo moja linaweza kuwa nyumba ya Mungu, ya wafungwa, ya watoto wa shule na ya kunguru, na mawe yasiseme lolote mpaka mtu aulize kwa adabu. Nimejifunza kwamba Wareno walituachia neno tukalibadilisha kazi. La muhimu kuliko yote, nimejifunza kwamba mtu akinyamaza husikia vitu vingi, na vingine ni vitamu sana.

Siku tisa nilingoja jibu la posa. Nilisukuma vitanda nikikosa milango. Siku ya kumi Bwana Hamadi akapiga simu, akakohoa kirasmi, akasema familia imeridhia, na nije na kanzu ya ukubwa wangu maana aliyonayo yeye ya kuniazima ni fupi.

Ndoa ilifungwa Acocks Green, sebuleni kwa Bwana Hamadi, wanaume sebuleni na wanawake jikoni na koridoni, mlango umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto la biriani. Dorin alikuwa upande wa wanawake amevaa leso mbili, kanga za Bi Rukia, na kofia yake mwenyewe juu. Sheikh akakaa mbele yangu, akanishika mkono, na kabla ya kuanza akaniuliza, kama anavyowauliza mabwana harusi wote, "Athumani, unazijua haki za mke juu ya mumewe?"

Sebule nzima ikanitazama. Jikoni vijiko vikatulia. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya jambo hilo, nimeitoa mara nyingi kantini kwa wenzangu, yenye vipengele saba.

"Hapana, Sheikh," nikasema. "Sizijui sawasawa. Naomba unifundishe."

Kigelegele kilipigwa jikoni, kirefu, cha nguvu, hata sinia likaanguka. Sheikh akashtuka, akageukia mlangoni. "Jamani, subirini! Ndoa bado, bibi harusi hajaulizwa!"

"Aliyepiga ndiye bibi harusi mwenyewe," ikaja sauti ya Rukia. "Mimi nimekwisha kubali, Sheikh. Malizia huko."